Kondoo wa Meno Mawili

Wenye Biblia karibu mtafungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, mkaisome wenyewe baadaye kwa utulivu. Leo mimi sitaisoma, nitaikumbusha tu. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi akamsimulia habari za watu wawili wa mji mmoja, mmoja tajiri na mwingine maskini. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi mno. Maskini alikuwa na kondoo mmoja tu, mchanga, wa kike, aliyemnunua akamlea nyumbani pamoja na watoto wake. Mgeni akafika kwa tajiri. Tajiri akaona uchungu kuchinja katika kundi lake mwenyewe, akamtwaa yule wa maskini.

Tumezoea kuisikia hadithi hii kuwa ni habari ya dhuluma, na kweli ndivyo ilivyo. Lakini mzee wa Imenti au wa Mbeere akiisikia, husikia na jambo jingine ambalo msomaji wa mjini hulipita bila kulitazama. Huuliza, je, kondoo huyo alikuwa wa umri gani? Ni jike, ni mchanga, hajazaa. Basi huyo ni mwati! Na neno hilo likishatajwa, hesabu ya hasara hubadilika.

Ndiyo maana leo nimependa tuzungumze juu ya umri wa kondoo: jinsi watu walivyoupima tangu zamani, majina waliyoyatumia, na kwa nini nyama ya kondoo mmoja si sawa na nyama ya mwingine. Labda utasema, "Haya ni mambo ya wachinjaji na wafugaji, yananihusu nini?" Nisikilize kidogo, ndugu yangu. Mambo haya yameingia katika ndoa zetu, katika madeni yetu na hata katika sheria ya Musa.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili tuna kondoo, na mtoto wake twamwita mwanakondoo. Dume twamwita kondoo dume, na aliyehasiwa ni maksai. Liko na neno ambalo vijana wengi hawalijui siku hizi, nalo ni mfarika, yaani mbuzi au kondoo mchanga aliyefikia umri wa kupandwa. Jirani zetu Wakikuyu humwita mbuzi jike wa umri huo harika, na mtasikia wenyewe kwamba maneno hayo mawili hayako mbali kwa sauti wala kwa maana. Kondoo kwa jumla, kuuzunguka Mlima Kenya, ni ng'ondu. Na kondoo jike aliyeacha kunyonya lakini hajazaa ndiye mwati.

Mwati hakutajwa kwa sababu ya utamu wa nyama yake. Alitajwa kwa sababu ya yale yaliyomo tumboni mwake ambayo bado hayajaonekana. Fikiri mwenyewe. Kondoo jike hubeba mimba miezi mitano. Wa kienyeji akipata malisho, aweza kuzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, mara nyingi mtoto mmoja. Akizaa jike, naye jike huyo akakua na kuzaa, basi baada ya miaka mitatu au minne mwenye mwati mmoja ana kundi dogo. Mwenye kondoo mzee aliyezaa mara sita ana nini? Ana ngozi, na sufuria moja ya nyama ngumu. Ukiwaweka wote wawili uwanjani utahesabu kichwa kimoja na kichwa kimoja, lakini hakuna mzee wa Meru ambaye angekubali kwamba wako sawa.

Ndiyo sababu katika ruracio wazee hawakusema tu "leteni kondoo". Kwa Wameru, kati ya vitu vilivyotajwa mna ng'ombe, mna kondoo jike na kondoo dume, na mna asali. Kila kimoja kilikuwa na nafasi yake. Kondoo jike aliyeletwa alitazamwa mdomoni, akashikwa mgongoni, akatazamwa kiwele. Anayelipa mwati kwa kondoo aliyekwisha kuzaa alikuwa amepunguza, hata kama mnyama aliyeletwa alikuwa mkubwa na mnene kuliko aliyetakiwa. Wageni wengi walishindwa kulielewa jambo hili. Waliona watu wanakataa mnyama mkubwa na kumtaka mdogo, wakadhani ni ukaidi wa wazee.

Hapa nitaongeza jambo dogo. Watu hao hao waliopima kondoo kwa hatua za maisha walijipima na wenyewe vivyo hivyo. Mtu hakuulizwa ana miaka mingapi, aliulizwa ni wa rika gani. Mvulana, shujaa, baba wa nyumba, mzee wa baraza: kila hatua ilikuwa na haki zake na kazi zake, na Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru ambalo makao yake yako Nchiru, lilikuwa juu ya ngazi hiyo. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyefanya kazi Meru na ambaye wapenzi wa Kiswahili humkumbuka pia kwa uchunguzi wake wa lugha yetu, aliandika mengi juu ya mabaraza na marika haya. Basi si ajabu kwamba macho yaliyozoea kuona rika kwa binadamu yaliliona pia zizini.

Lakini msidhani kwamba hesabu hii ni ya mlima wetu peke yake. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli waliagizwa mnyama wa Pasaka awe dume, asiye na kasoro, wa mwaka mmoja, na aliruhusiwa kutoka kwa kondoo au kwa mbuzi. Katika Hesabu, sura ya 15, sadaka ya unga inayokwenda pamoja na kondoo dume mzima ni mara mbili ya ile inayokwenda na mwanakondoo. Kwa hiyo mtu alipaswa kujua wazi mnyama wake yuko upande gani, maana kipimo cha unga, mafuta na divai kilitegemea hapo.

Sasa, je, mwanakondoo anakuwa kondoo dume siku gani? Walimu wa Kiyahudi walilijadili neno hilo kwa makini sana, na majadiliano yao yamo katika Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Walisema mwanakondoo ni wa mwaka mmoja na kondoo dume ni wa miaka miwili, na kwamba mwaka huhesabiwa tangu siku mnyama alipozaliwa mpaka siku hiyo tena. Wakakuta pengo. Mnyama wa miezi kumi na mitatu hafai kuwa mwanakondoo, wala bado hajawa dume. Rabi Tarfoni alimwita palgasi, na wenzake wakampa majina mengine. Mimi hufurahi kila ninapoikumbuka habari hiyo. Watu wenye elimu kubwa waliketi wakabishana juu ya kondoo ambaye si mtoto wala si mkubwa, kama wazazi wanavyobishana juu ya kijana wa miaka kumi na minne!

Ndugu zetu Waislamu wa pwani nao wanayo hesabu yao kwa ajili ya kuchinja siku ya Idi ya mwezi wa Hija. Wengi wao katika Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, na humo kondoo hufaa akitimiza mwaka mmoja au akiwa amekwisha kung'oa meno ya mbele, lakini mbuzi sharti atimize miaka miwili. Angalieni neno hilo: meno. Hata jina la Kiarabu la mnyama aliyekwisha kufikia umri huo limetoka katika meno ya mbele. Mchungaji wa jangwani hakuwa na daftari la kuandika siku za kuzaliwa, lakini alikuwa na kinywa cha mnyama.

Basi na tukifungue kinywa hicho. Kondoo hana meno ya mbele juu. Pale juu ana ufizi mgumu tu. Chini anayo manane. Mwanakondoo huyapata yote manane mapema, madogo, membamba, meupe kama punje za mchele. Hayo ni meno ya maziwa. Akifika mwaka mmoja hivi, au mwaka na miezi michache, mawili ya katikati hung'oka na mahali pake hutoka mawili mapana. Huyo ndiye kondoo wa meno mawili, na mfugaji hahitaji kuambiwa zaidi. Akikaribia miaka miwili anayo manne mapana. Katika mwaka wa tatu huwa sita, na kati ya mwaka wa tatu na wa nne kinywa hujaa, yote manane. Baada ya hapo kuhesabu hakusaidii tena. Mnunuzi hutazama jinsi meno yalivyolika, yalivyoachana, yalivyovunjika, mpaka mnyama anakuwa kibogoyo asiyeweza kukata majani mafupi.

Meno haya si saa ya ukutani. Kondoo wa ukoo mmoja hutangulia na wa ukoo mwingine huchelewa, na malisho nayo yana sehemu yake. Majani magumu na ya mchanga hulisaga jino upesi, hata mnyama wa miaka mitano aonekane mzee wa miaka minane. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutazama kinywa, kisha hutazama na mwili, kisha humtazama usoni anayeuza.

Ujuzi huu wote uliwakuta Waingereza walipofika. Kikosi chao kiliingia Embu kwa nguvu mwaka 1906, na muda mfupi baadaye serikali yao ikaweka kituo Meru. Katika vita vile mifugo ya watu ilitwaliwa. Na maofisa walipoandika hesabu zao, walizoea kuandika "kondoo na mbuzi" katika safu moja. Kichwa kimoja, alama moja. Mwati, dume la kunoneshwa, mbuzi tasa, mwanakondoo anayenyonya, wote wakawa tarakimu. Siwalaumu kwa kutojua Kiembu katika juma la kwanza. Lakini fikirini nyumba iliyopoteza wanyama kumi, wanane wakiwa mwati, na nyumba iliyopoteza kumi wazee. Katika daftari walikuwa sawa. Granville Orde-Browne, ofisa aliyekaa upande wa kusini-mashariki wa mlima miaka ile, aliandika kitabu kizima juu ya watu wa huko, kikatolewa mwaka 1925, na yeye aliuona utaratibu wao zaidi ya wenzake wengi.

Kisha mambo yakaja haraka. Katika miaka ya 1930 Meru na Embu zilikuwa kati ya mahali pa kwanza Mwafrika alipokubaliwa kupanda kahawa. Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na watu wakakusanywa vijijini kwa amri, mbali na malisho yao. Mashamba yakapimwa na kuunganishwa, ng'ombe wa maziwa wa kigeni akaletwa, na kondoo wa mkia mnene akakosa nafasi katika ekari tatu zenye kahawa na majani ya kulisha ng'ombe. Leo ukipita Nkubu au Runyenjes, utaona ng'ombe amefungwa bandani karibu kila nyumba, lakini kondoo ni wa kutafuta. Kondoo wamebaki zaidi kule chini kwenye joto, Mbeere na Tharaka, na juu kabisa upande wa Timau, ambako mashamba makubwa yalifuga kondoo wa sufu.

Pamoja na serikali ile ilikuja na lugha nyingine ya nyama. Mwaka 1950 ilianzishwa Halmashauri ya Nyama ya Kenya, na kiwanda chake Athi River, na mnyama akaanza kulipiwa kwa uzito na daraja. Waingereza wanayo majina matatu: nyama ya mwanakondoo huitwa lamb, ya kondoo wa mwaka wa pili huitwa hogget, na ya mkubwa huitwa mutton. Neno hili la mwisho si la Kiingereza asili. Ni la Kifaransa, lililoingia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mchungaji maskini aliendelea kumwita mnyama kwa lugha yake, na bwana aliyemla akaiita nyama kwa lugha ya mezani. Sisi hatukufanya hivyo. Kwetu kondoo ni kondoo malishoni, na ni kondoo chunguni.

Je, tofauti hiyo ya nyama ni ya kweli, au ni madaha ya hoteli? Ni ya kweli. Nyama ya mwanakondoo ina rangi ya waridi, nyuzi zake ni laini, na huiva upesi. Kadiri mnyama anavyokua nyama huwa nyekundu iliyokoza, na zile kamba zinazoshikilia misuli hujifunga zaidi, hata moto mfupi hauzilegezi. Harufu ile ya kondoo ambayo wengine huipenda na wengine huikimbia imo hasa katika mafuta, nayo huongezeka kwa umri, na zaidi kwa dume asiyehasiwa. Ndiyo sababu mama zetu hawakumchoma kondoo mzee. Walimchemsha polepole, saa nyingi, na supu yake ikawa chakula hasa. Na ndiyo sababu dume alihasiwa akanoneshwa. Wakikuyu humwita ngoima, kondoo aliyefungwa ndani ya nyumba akilishwa majani ya viazi vitamu mpaka mkia wake unakuwa mzigo. Alipochinjwa kwa ajili ya mama aliyejifungua, hakuna aliyelalamika kwamba hakuwa mchanga. Mafuta ndiyo yaliyotakiwa.

Amerika mnyama akiwa amekwisha kuchunwa na kichwa hakipo, hutazama mguu wa mbele. Kwa mwanakondoo, mguu ukivunjwa karibu na kwato, huachana pale mfupa unapokulia, na mahali hapo huwa pekundu na penye unyevu. Kwa kondoo mkubwa mahali hapo pamekwisha kugeuka mfupa. Mguu hauvunjiki hapo, huachana kwenye kiungo cha chini yake, kigumu, cheupe. Mtu yeyote aweza kulijaribu hili siku ya kuchinja.

Nyuzilandi na Australia, ambako kondoo ni mali ya nchi, hufuata meno. Kwa muda mrefu huko Australia jino la kwanza pana likichomoza, hata likionekana kama ncha ya sindano, mnyama alikwisha kuacha kuitwa mwanakondoo, na bei ikaanguka siku hiyo hiyo. Wafugaji walilalamika, maana nyama ya jana na ya leo ilikuwa ile ile. Tangu tarehe 1 Julai 2019 sheria yao imesema kwamba mwanakondoo ni yule aliye chini ya miezi 12, au ambaye jino lake la kudumu halijafikia kuanza kutumika. Uingereza nako, mwaka 2004, Mwanamfalme Charles, ambaye sasa ni mfalme, alianzisha kampeni ya kuwarudisha watu kwenye nyama ya kondoo wa zaidi ya miaka miwili, kwa kuwa walikuwa wameisahau. Wazee wa Embu hawakuhitaji kampeni.

Turudi nyumbani. Ukienda soko la mifugo la Ishiara, au ukaenda Isiolo ambako kondoo wa Wasamburu, Waborana na Wasomali hukutana na wanunuzi kutoka Meru, utaona kazi hii ikifanyika bila maneno mengi. Kidole gumba huvuta mdomo wa chini, macho hutazama mara moja, bei hutajwa. Mwaka wa kawaida, wanyama wanaouzwa ni madume na wazee. Mfugaji huuza kile ambacho hakitazaa. Lakini mvua zikikosa, tazama tena vinywa vile. Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa. Katika nyakati kama hizo majike wachanga huanza kuonekana sokoni. Mwenye nyumba amekwisha kuuza dume, amekwisha kuuza mzee, na watoto wanataka unga. Mwati anafikishwa mnadani, na kwa kuwa amekonda na kwa kuwa wengi wamekuja siku hiyo, ananunuliwa kwa bei ya nyama, kwa kilo chache zilizobaki mifupani.

Daudi alipoisikia hadithi ya Nathani, kabla hajajua kwamba ni yeye mwenyewe anayesemwa, alikata hukumu kwamba tajiri yule alipe kondoo mara nne. Hakulibuni jambo hilo. Limo katika Kutoka, sura ya 22: aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamwuza hulipa watano, aliyeiba kondoo hulipa wanne. Kwa kondoo mzee hukumu hiyo yaweza kuonekana kali. Kwa mwati, hesabu yake ni kama ya mama wa Tharaka niliyemsikia sokoni akimjibu kijana mwenye pikipiki, aliyekuwa akimwambia kwamba kondoo wake ni mdogo, nyama yake haifiki kilo kumi. Alimshika mnyama taya, akamwonyesha meno manane madogo, akamwambia kwamba haja yake si kuuza nyama, na kama kijana anataka nyama, kuna madume pale kwenye kivuli.

Kijana alikwenda kwenye kivuli. Baada ya muda alirudi, akauliza bei upya.